Mahali Alipoingilia Maji

Kwenye pwani ile, mtu akikuelekeza kwenye wimbi zuri bila kuombwa, mshukuru, halafu ufuate njia nyingine. Ndivyo walivyo watelezaji, wale wanaopanda mawimbi kwa ubao. Watakuchekea, watakugawia maji yao ya kunywa, watakufunga kidonda kwa kitambaa chao wenyewe, lakini thubutu kuwauliza jana waliteleza wapi! Watakupeleka kwenye tope ukaliwe na mbu. Msemo wao ni kwamba uongo wa ufukweni hauna dhambi. Aliyelivumbua wimbi ndiye anayelipa jina, na ndiye mwenye haki ya kulificha mpaka achoke.

Mabingwa wa uongo huo walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa ni mwanamke, fundi wa kurekebisha mbao za kutelezea, na watu walimwita Gundi kwa sababu vidole vyake havikutakata hata siku za sherehe. Mdogo ni mwanamume, naye walimwita Kiroboto kwa jinsi alivyoruka na kusimama kabla wimbi halijamaliza kujiinua. Mama yao, mjane na mshonaji wa sare za shule, hakutaka hata kuyasikia majina hayo. "Mimi nilizaa watu," alikuwa akisema huku anakanyaga cherehani, "nyie mmejigeuza gundi na mdudu."

Pwani ile yote walikuwa wameitembea, Kiroboto kwa baiskeli yake yenye kibebeo cha ubao ubavuni, Gundi nyuma yake kwa baiskeli ya kuazima, mpaka siku ubao wa Gundi mwenyewe ulipomgonga goti la kushoto na kuliharibu. Tangu hapo hakuyaweza mawimbi ya haraka. Aliishia kukaa mchangani na kumtazama mdogo wake, anashangilia, anajifanya hana wivu. Lakini alikijua kila kipembe cha pwani, na kwa kila ufuo wa kweli walikuwa na uongo wake tayari mfukoni. Wao kwa wao hawakudanganyana. Hilo walikubaliana tangu enzi za kula sahani moja, na Gundi alilishika kama watu wanavyoshika dini.

Aliyeteswa zaidi na uongo wao ni mwanamume mmoja mpole, mwenye miwani na gari kuukuu, aliyekuwa akiandika kitabu cha kuwaonyesha wageni fukwe nzuri za kuteleza. Wakamwita Ramani. Maskini ya Mungu! Anakuja bandani kwa Gundi, anauliza kwa adabu, anaelekezwa, anashukuru, anaondoka. Jioni anarudi na matope hadi magotini.

"Fundi, nadhani nilikosea njia."

Na Kiroboto, uso mkavu kabisa: "Ulikosea kweli, kaka. Pale ulipokunja kulia ungekunja kushoto."

Akishaondoka wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wala Ramani hakuwahi kukasirika, jambo ambalo lilimuudhi sana Kiroboto.

Sasa, ulimi hauna mfupa. Siku moja Gundi alikuwa akipiga msasa ubao wa mteja mwenye maneno matamu. Akasifiwa kazi, akasifiwa akili, akavimba kichwa, na kabla hajajishika alikuwa ameshamtajia Bakuli. Bakuli ulikuwa ufuo wa Kiroboto, ameuvumbua mwenyewe, ameupa jina mwenyewe, anaupenda kuliko chakula. Haukupita muda watu wakajaa pale na mbao zao, wakigombania mawimbi kama kuku na punje. Kiroboto alikuja bandani, akasimama mlangoni, akamtazama dada yake. Gundi alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Basi, dada," akamwambia. "Maji yakimwagika hayazoleki. Yamekwisha."

Na kweli yalionekana yamekwisha. Kila Jumapili asubuhi Kiroboto alipitia bandani kama zamani, akachukua kipande cha nta ya kupaka ubao, akaaga: "Dada, mimi huyoo, Kisogo." Kisogo ulikuwa ufuo wao wa kusini, nyuma ya kilima, wimbi la kawaida tu. Gundi alishangaa kidogo kwamba mtu hachoki na Kisogo, ila hakuuliza. Alimshukuru Mungu kwa kumpa ndugu asiye na kinyongo.

Jumapili moja Kiroboto hakurudi.

Walipokuja watu wa uokoaji na boti zao, walimuuliza Gundi mahali. Hakufikiri hata kidogo. "Kisogo," akasema. Mkubwa wao akamuuliza kama ana hakika, kwa sababu pwani ni ndefu na boti ni chache. Gundi akaja juu. "Hakika? Huyo ni mdogo wangu! Anaweza kuwadanganya nyinyi, akamdanganya na mkuu wenu, lakini mimi hanidanganyi. Yuko Kisogo." Basi boti zote zikaenda kusini. Watelezaji wenzake wakaenda kusini. Redio ikatangaza Kisogo. Walizamia, wakaita, wakatembea juu ya miamba mpaka nyayo zikachanika. Hata baiskeli yake haikuonekana, watu wakasema wezi nao hawana huruma.

Mwishowe meli ya mizigo ikauokota ubao wake mbali kabisa, katikati ya bahari, mkondo umeshaupeleka ulikotaka. Ulikuwa na tundu ubavuni na kamba ya mguuni imekatika. Mwenyewe hakuonekana. Gundi aliupokea ubao ule gatini mbele za watu, akaupandisha kwenye dari ya banda, akaugeuzia uso ukutani.

Mama yao alikataa. Simaanishi alipiga kelele, la. Majirani walikuja kumpa pole, akawapa viti, akawauliza wanataka kushonewa nini. Mmoja alipoanza kulia, mama alinyamazisha cherehani, akamtazama juu ya miwani yake. "Unamlilia nani humu ndani mwangu?"

"Mama, tunakupa pole kwa..."

"Mtu hapotei hewani," mama akasema. "Huko Kisogo mmepekua kila jiwe, hayupo. Basi hakwenda huko. Nionyesheni mahali mwanangu alipoingilia maji, nitalia mwenyewe, wala hamtanifundisha. Kabla ya hapo msinililie."

Wakaondoka mmoja mmoja. Toka siku hiyo nyumba ile haikuwa na msiba wala haikuwa na amani. Mama alishona. Alizipunguza suruali za Kiroboto kiunoni, kwa kuwa alikuwa amekonda, akazikunja, akaziweka. Usiku Gundi alimsikia akiamka kila baiskeli ilipopita nje. Kulia alitaka, lakini atamlilia vipi mtu ambaye mama yake anamngoja? Akawa analia bandani, ndani ya barakoa ya vumbi, msasa wa mashine ukiunguruma, na wateja wakidhani ni ile gundi inayowasha macho.

Asubuhi moja mama aliingia bandani, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, maana harufu ilimkaba. Akanyoosha kidole darini.

"Ule ubao, kwa nini umeuacha na tundu?"

"Mama..."

"Urekebishe. Akirudi atautaka, nawe unamjua asivyokuwa na subira."

Akageuka, akarudi kwenye cherehani yake. Gundi alibaki ameshika kitambaa. Alijua akikataa atakuwa amemwambia mama yake kwamba mtoto amekufa, na mdomo huo hakuwa nao. Akapanda ngazi, akaushusha.

Kurekebisha ubao ni kama kutibu jipu, lazima kwanza ukate mpaka ufike penye uzima. Gundi aliuweka juu ya vibao viwili vya kazi, akakata ile ngozi ya faiba iliyopasuka, akaanza kuchokoa sponji lililoingia maji. Alifanya taratibu, anazungumza na ubao kama anavyozungumza na mbao zote, pole, pole, tumalize. Kisu kikagota. Akachokoa tena, kikadondoka kiganjani mwake kijiwe chenye ncha, kidogo kama punje ya hindi.

Alikipangusa. Kilikuwa chekundu.

Jamani, Kisogo hakuna jiwe jekundu. Mwamba wa Kisogo ni mweusi kama masizi ya sufuria, wote, toka juu mpaka chini ya maji, na kusini yote ni hivyo hivyo. Gundi amerekebisha mbao ngapi zilizogonga Kisogo? Unga wake anaujua hata gizani. Akakaa chini sakafuni, kwenye vumbi, goti lake bovu likiwa limenyooka mbele yake. Kilichomchoma kwanza hakikuwa kifo. Kilichomchoma ni kwamba Jumapili zote zile, akichukua nta mkononi mwake na kumwita dada, Kiroboto alikuwa akimpa uongo ule ule anaopewa Ramani. Yamekwisha, alisema. Kumbe hayakwisha. Naye Gundi kwa uongo huo aliapa, akapeleka boti zote kusini.

"Ningenyamaza tu," akajiambia kwa sauti. "Ningenyamaza, wangetafuta kila mahali."

Ramani alishtuka kumwona Gundi mlangoni kwake, maana hakuwahi kufika. Alikuwa akiishi kwenye chumba kimoja kilichojaa picha za fukwe ukutani, nyingine zikiwa za matope matupu. Gundi akakiweka kile kijiwe mezani.

"Nataka unipeleke penye mwamba wa rangi hii."

Ramani alikitazama, akamtazama yeye. "Fundi, nisamehe kwa swali hili. Na leo unanidanganya?"

"Leo sina nguvu za kudanganya," Gundi akasema, na Ramani akachukua funguo za gari.

Wakaelekea kaskazini. Barabara ile inapita juu ya magenge, na chini kila kona inafunguka ghuba mpya, maji ya kijani kwa karibu na ya samawati kwa mbali, nyasi ndefu zikilala kwa upepo, mawimbi yakiingia kwa mistari iliyonyooka. Siku nyingine Gundi angesimamisha gari kila mara. Siku hiyo uzuri wenyewe ulimchosha. Kila ufuo aliutazama kama mtu anayetazama nyuso kwenye umati akimtafuta wa kwake, na kila ufuo haukuwa wa kwake.

Ufuo wa kwanza aliokuwa nao Ramani ulionekana mwekundu kweli kutoka barabarani. Waliteremka kwa kujishikilia vichaka, Gundi akiburuta mguu, na walipofika chini akalimega genge kwa mkono likavunjika. Ulikuwa udongo tu. Wa pili ulikuwa wa mwamba mwekundu, mgumu, rangi ndiyo hiyo hiyo, lakini bahari ilikuwa imelala pale kama maji ya beseni. Mwamba wa nje uliyazuia mawimbi yote. Kiroboto asingepaki baiskeli yake pale hata kwa kukojoa.

"Hakuna mwingine," Ramani akasema. "Pwani yote hii nimeipita, fundi. Mwingine sina."

Walikaa garini, milango wazi. Gundi alikuwa amechoka, goti limevimba, na mbele yake aliiona siku ya kurudi kwa mama mikono mitupu, mama akimuuliza gundi ya ubao imekauka au bado. Hapo ndipo akili ya kazi yao ya zamani ilipomjia. Ameishi na waongo, na mwongo mkubwa ni yeye, kwa nini anatafuta penye ukweli?

"Ramani. Mdogo wangu alikwambia uende sehemu nyingi."

"Nyingi sana," Ramani akasema kwa upole.

"Kuna mahali alikwambia usiende?"

Ramani alivua miwani, akaifuta, akafikiri. "Mahali pamoja. Nilimuonyesha picha niliyopiga kutoka mbali, nyuma ya mashamba ya chumvi. Akacheka. Akasema nisiharibu gari langu, huko ni tope na mbu, hata kunguru hawatui. Nikamwamini, maana ilikuwa mara ya kwanza ananionea huruma."

Gundi akafunga mlango wa gari. "Twende."

Mashamba ya chumvi yalikuwa mabwawa mapana ya maji mafupi, yanameremeta mpaka macho yanauma, na katikati yake tuta jembamba la kupita kwa miguu. Mwanzoni mwa tuta palikuwa na kibanda cha mlinzi na ghala la mabati. Mlinzi mwenyewe, mwanamume mwenye miguu iliyopasuka kwa chumvi, alitoka akiwa ameshika reki, akawakaribisha. Alipoliona goti la Gundi na jinsi anavyotembea, akasimama.

"Wewe ndiye dada," akasema.

Gundi akamsogelea.

"Yule kijana wa ubao. Nimekaa na baiskeli yake muda wote huu, dada. Nilijua kuna siku mtaifuata." Akafungua ghala. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani kwenye magunia, kibebeo chake ubavuni, kengele yake ile ile ya mdomo uliopinda. Chumvi ilikuwa imeshaanza kuila. Mnyororo wote umeota kutu.

"Hukusikia redio?" Ramani akamuuliza. "Alitafutwa."

"Nilisikia kuna mtu kapotea. Lakini walisema Kisogo." Mlinzi aliangalia chini. "Wangu mimi hakuwa wa Kisogo. Nikasema huyo ni mwingine, huyu wangu kaudhiwa na mtu tu huko kwao, akipoa atarudi. Wangetaja hapa, si ningekimbia?"

"Mimi ndiye niliyesema Kisogo," Gundi akasema.

Mlinzi akaegemea reki yake. Alikuwa mtu wa kuishi peke yake, maneno yake aliyatoa yalivyo bila kuyapamba. "Alikuwa akikutaja sana. Mimi namuuliza, we kijana, mbona kila Jumapili unakuja kulikagua wimbi moja, unalioa? Ananiambia, nina dada, goti lake bovu, anataka wimbi refu lisilo na haraka, na ndilo hili, pwani yote hakuna jingine. Nikamwambia sasa si umlete. Akasema, dada yangu ana mdomo. Nikimleta leo, kesho wako hapa wote. Ngoja kwanza nimjulie mawe yaliyojificha, maji yakijaa na yakipwa, halafu namleta alione mwenyewe na jina alitoe yeye. Siku ile ya mwisho alinipungia mkono akasema leo anayaangalia maji yakiwa yamepwa kabisa, ndiyo yaliyobaki kuyajua. Mimi nikaenda mabwawa ya mbali. Niliporudi nikaona baiskeli tu."

Gundi alitembea peke yake juu ya lile tuta, akapanda kichuguu cha mchanga, akauona ufuo. Ulikuwa mdogo, umekumbatiwa na mwamba mwekundu pande zote mbili. Wimbi liliinuka mbali, likajikunja polepole kuanzia upande mmoja, likaja, likaja, bila haraka yoyote, kama mtu anayekunjua kitambaa mezani. Mtu mwenye goti bovu angekuwa na muda wa kuinuka, na kukosea, na kuinuka tena. Nalo lilipomaliza, maji yakarudi nyuma, na palepale penye njia yake ikajitokeza ncha ya jiwe jekundu, kisha ikamezwa tena. Gundi alijishika kichwa akalia kwa sauti kubwa, bila msasa wa kumfichia, na aliloweza kusema ni moja tu: "Mjinga wewe. Mjinga wewe. Ungeniambia."

Kesho yake asubuhi mama alikuwa kwenye cherehani kama kawaida. Gundi akasimama mbele yake. "Mama, nimepaona."

Cherehani ikaendelea mpaka mwisho wa mshono. Mama akakata uzi kwa meno, akalikunja lile gauni la shule, akaweka juu ya mengine. "Ni mbali?"

"Ni mbali."

"Basi tuondoke mapema."

Ramani aliwapeleka. Njia nzima mama hakutazama bahari, alitazama mikono yake. Pale ghalani aliiona baiskeli, akaiendea, akapangusa kiti chake kwa upindo wa nguo, polepole, kama anavyompangusa mtoto mdomo. Akaigusa kengele. Halafu akamfuata mlinzi juu ya tuta, akikataa kushikwa mkono, na kwenye kichuguu cha mchanga akasimama.

"Aliingilia wapi?"

Mlinzi akamwonyesha, pale kati ya miamba miwili. Mama alitazama. Wimbi likainuka, likaja taratibu mpaka mchangani, likarudi. Jingine likaja.

"Pazuri," mama akasema, na ilikuwa sauti ya hasira. "Kumbe ni pazuri hivi."

Akayumba. Gundi alimdaka akakaa naye mchangani, na mama akamwita mwanawe kwa jina lake, si lile la ufukweni, lile alilompa yeye mwenyewe siku aliyomzaa. Alimwita hivyo kwa kelele mpaka koo likakauka. Alilia kama alivyoahidi, wala hakuhitaji kufundishwa. Ramani na mlinzi walisogea mbali, wakawapa mgongo.

Jua lilikuwa limeshapanda aliponyamaza. Gundi alimweleza yote, kijiwe, uongo, goti, na yale maneno ya mlinzi, hata lile la mdomo. Hakuficha. Mama akajifuta uso, akamwita Ramani.

"Wewe ndiye wa kitabu?"

"Ndiye, mama."

"Watu watakisoma?"

"Natumaini, mama."

"Basi andika hapa."

Ramani hakufungua begi. Alimtazama Gundi kwanza, na kwa hilo Gundi anamheshimu mpaka leo. Gundi akasema, "Mama, hapa ni pake. Ni yeye aliyepavumbua. Hakutaka pajulikane, na mimi nilishamharibia pa kwanza. Alisema nina mdomo."

"Unao," mama akasema. "Tangu mdogo unao, nami nimekuchapa kwa huo mdomo mara nyingi. Lakini mwanangu alikuwa hapa peke yake. Angekuwepo mtu hata mmoja wa kupiga kelele, hata mwizi, hata adui yake. Mmeficha maji ya Mungu mpaka yakamla mtu hakuna wa kuona." Akamgeukia, macho mekundu. "Una mdomo? Haya. Leo utumie."

Basi Gundi akasimama kwenye mchanga ule, akamwelekeza Ramani kwa ukweli kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ilimtoka kwa shida, kama mtu anayesema lugha ngeni. Akamwambia mahali pa kuacha gari, na tuta lipi linapitika, na kwamba mlinzi aamkiwe kwanza. Akamwambia wimbi linafaa watu wa namna gani. Jiwe lile alimwonyesha mpaka Ramani akaliona mwenyewe, halafu akamtaka aliandike kabla ya yote, juu kabisa, kwa herufi kubwa: maji yakipwa usiingie, na kamwe usiingie peke yako. Ramani aliandika.

"Na jina?" akauliza kwa sauti ya chini. "Kila ufuo una jina."

Aliyepaswa kulitoa ni Gundi, ndivyo mdogo wake alivyotaka. Akamtazama mama. Mama akalitaja lile jina alilokuwa akiliita asubuhi yote, akalirudia taratibu ili Ramani asikosee herufi.

Walirudi mchana, baiskeli imefungwa juu ya paa la gari, kengele ikilia kila penye shimo. Walipokuwa wanakaribia nyumbani, mama aligeuka nyuma alikokaa Gundi.

"Ule ubao," akasema.

"Naam, mama."

"Usiurekebishe tena."

Gundi akaitikia, "Sawa, mama," na mama akageuka mbele.